Mguu wa Hamira

Mdogo wangu walimwita Hamira kabla hajashika hata kibaba cha unga. Jina alilipata utotoni kwa hasira zake, maana ukimfunika kidogo tu alikuwa anafura. Baadaye akaingia kazi ya mkate, watu wakadhani jina limetoka tanurini, naye akawaacha wadhani hivyo. Mimi ni dada yake, tumbo moja, na mgongo uliombeba ni huu huu ninaouegemeza ukutani hapa nikiandika. Kwa hiyo wanaojua habari zake kwa kusikia barazani, wakae kimya kidogo, nao wasikie.

Kiwanda alichofanyia kazi si kikubwa. Ni chumba kirefu chenye bati lililopiga weusi, meza mbili za mbao zilizokwanguliwa mpaka zimebonyea katikati, mashine ya kukandia inayonguruma kama mzee aliyeshiba, na tanuri lililojengwa ndani ya ukuta na mlango wake wa chuma. Magunia yanapangwa kando ya ukuta wa pili, ya unga huku, ya sukari kule. Mkandaji alikuwa jitu la miraba minne, jina lake la kazi likawa ndilo jina lake. Wanawake wawili walikuwa wanakata madonge na kuyapima. Hamira alikuwa mtu wa moto. Kuingiza mikate na kuitoa, hiyo ilikuwa kazi yake tangu ndevu zake nyeusi mpaka zikawa nyeupe, na safari hii si unga uliozitia weupe.

Alikuwa na desturi moja. Trei ya kwanza ya asubuhi ikitoka, haiendi popote. Anachukua mkate mmoja, anauvunja kwa mikono ungali unachoma, ananusa, anatafuna. Chumvi ikipungua anajua, mkate ukiwa na haraka ndani yake, haukungojwa uumuke, anajua. Akishameza ndipo anasema "Pakieni," na gari lipakiwe. Siku mwenye kiwanda alipotaka kupeleka mikate kabla ya Hamira kuonja, Hamira alivua aproni akaenda kukaa nje juu ya jiwe, mpaka mwenye kiwanda akamfuata na kumbembeleza. Sisi kwetu hatubembelezwi mara mbili, lakini mara moja tunapenda.

Sukari ilimwingia utu uzimani. Hospitali wakampa vidonge vya kumeza asubuhi, akameza. Wakamwambia ale kidogo kidogo mara nyingi, akala mara nyingi, ile kidogo kidogo akaisahau. Akanenepa. Usiku kucha alikuwa anaamka kunywa maji na kuyapeleka nje. Miguu ikaanza kufa ganzi, akasema ni uchovu wa kusimama.

Halafu siku moja trei ya moto ikamdondokea mguuni, naye asihisi. Alijua jioni alipovua kiatu akakuta soksi imegandana na kidole. Wifi yangu, mkewe, alipiga kelele mimi nikasikia kwangu, na kati ya nyumba yake na yangu kuna ua mzima. Kidonda kile kikakataa kupona. Kikawa cheusi pembeni na harufu yake ikawa inamtangulia mlangoni.

Daktari wa vidonda hakumung'unya maneno. "Mzee, sukari yako isiposhuka, kidole hiki kitaondoka. Na kidole cha namna hii hakiondoki peke yake. Mguu unakifuata."

"Mimi nachoma mkate nimesimama, daktari," Hamira alimwambia. "Ukiniondolea mguu umeniondolea na jina."

"Basi shusha sukari."

Tulitoka pale, mimi na yeye. Wote wawili tulikuwa tunamfikiria jirani yetu mshona viti, aliyeanza na kidole, akaja goti, akaishia kitandani mpaka wakamtoa na kitanda chake. Hamira alimzika yule. Siku hiyo alianza kuutazama mguu wake kama mtu anavyomtazama mtoto anayetaka kuchukuliwa.

Aliyemletea habari ya kufunga ni dereva wa gari la mikate. Tulikuwa tunamwita Pipa, na ukimwona leo utauliza kwa nini. Zamani tumbo lake lilikuwa linafika kwenye usukani kabla yake. Akaanza kupungua, watu wakaanza kumpa pole.

"Pipa, unaumwa nini?" Hamira alimuuliza wakipakia.

"Siumwi. Nimefunga mdomo."

"Umetubu?"

"Nitubu nini na mimi sina dhambi? Sikiliza, Hamira. Jioni mapema nakula, nashiba. Baada ya hapo maji tu mpaka kesho saa sita mchana. Tumbo linapata likizo. Wewe tumbo lako limewahi kupata likizo?"

"Tangu nizaliwe liko zamu."

"Basi ndiyo maana limeota hasira."

Pipa hakusema uongo. Mimi mwenyewe nilimwona anapanda ngazi za kiwanda na kreti mbili bila kuhema. Presha yake ilikuwa imeshuka, magoti hayamlalamikii tena. Ila Pipa hakuwa na sukari, wala hakuwa anameza kidonge chochote. Hilo hakuna aliyelisimamisha na kulitazama, maana lilikuwa halina sura ya jambo.

Hamira akaingia kwenye mfungo kwa kichwa kile kile cha kwetu. Wifi akanijia mbio uani.

"Wifi, mdogo wako amegoma kula!"

"Labda umempikia vibaya miaka yote hii, sasa ndiyo amepata ujasiri."

"Heri mimi nipikaye vibaya. Wewe wifi hata maji unayaunguza."

Tulicheka, lakini mimi nilikwenda kumwona. Nilimkuta ameegemeza mguu juu ya kigoda, kitambaa cha kidonda kimebadilishwa.

"Hospitali walikwambia ule kidogo kidogo," nikamwambia.

"Dada, hiyo kidogo kidogo ndiyo iliyonifikisha hapa. Tumbo langu lilikuwa tanuri lisilozimwa. Ngoja lipoe."

"Na hospitali wanajua?"

"Wataona."

Na kweli waliona. Haki ya mtu usiifiche kwa sababu mambo yaliharibika mbele ya safari. Kufunga kulimfaa. Tumbo lilipungua, mkanda ukatobolewa tundu jipya kwa msumari. Usiku akaanza kulala moja kwa moja, ile kiu ya ng'ombe ikamtoka. Uso ukarudi kuwa na mifupa. Na kidole, kile kidole nilichokuwa nimeshakililia moyoni, pembeni pakaanza kutoa nyama nyekundu, mbichi, kama ufizi wa mtoto. Hamira alikuwa anamfungulia kila mgeni. Unafika kumsalimia hujaketi, ameshavua kiatu.

"Tazama, shemeji, tazama! Wa kukatwa huu?"

"Funika, mzee, tunakula."

"Kuleni tu. Mimi nimefunga."

Alipokwenda kliniki muuguzi alimtoboa kidole cha mkono, akasoma kipimo, akampongeza. Alimuuliza kama dawa anameza. Hamira akajibu kila asubuhi, haachi hata siku moja, na hilo lilikuwa kweli tupu. Muuguzi akamwambia safi, endelea hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi. Alipotoka anameremeta nikamuuliza, "Umewaambia kama unafunga?"

"Nitawaambia kidole kikipona kabisa. Nataka nimwekee yule daktari mguu juu ya meza yake, nimwambie kata sasa."

"Waambie leo, Hamira. Ndio wanaokupa dawa."

"Dada, wewe tangu lini ukaanza kusikiliza watu, mpaka unataka na mimi niwasikilize?"

Nikamjibu jibu ambalo haliandikiki, tukapanda gari kila mmoja ametazama dirisha lake.

Sasa niwaeleze jambo ambalo sisi tulielezwa mkate umeshaungua. Vidonge vya sukari viko vya namna nyingi, na vile alivyopewa yeye vilikuwa ni vya kuisukuma sukari ya damu ishuke. Umekula, vinasukuma. Hujala, vinasukuma vile vile, havina macho. Hapo mwanzo, Hamira alikuwa anameza kidonge chake asubuhi nyumbani, anakwenda kiwandani, na ile trei ya kwanza ikitoka anavunja mkate wake anameza. Ni kipande tu, lakini kilikuwa kinakipa kidonge kitu cha kusukuma. Hata alipoanza kufunga hakuacha kuonja. Alisema kuonja ni kazi, si kula.

Pipa ndiye aliyemkuta na kipande mdomoni.

"Ahaa! Mfungo huo wa aina gani? Wa mbuzi?"

"Naonja."

"Kilichopita kooni kimevunja. Halafu unakuja kuniambia sukari yako inashuka polepole!"

Ulikuwa utani. Pipa akapakia mikate yake akaenda zake. Lakini Hamira neno likamwingia. Tangu hapo trei ya kwanza ikitoka, alivunja mkate, akanusa, akampa Mkandaji atafune aseme. Kiwanda kizima kilishangaa. Mkandaji aliniambia yeye aliogopa kutafuna, alijiona kama mtu aliyeambiwa akalie kiti cha baba yake.

Mikono ikaanza kumtetemeka Hamira. Jasho likaanza kumtoka. Sasa mtu wa tanuri akitoka jasho nani atamuuliza? Wote pale wanatoka jasho, mashati yanakamuliwa. Angekuwa karani wangemwona. Akawa mkali, anamtukana Mkandaji kwa kosa ambalo hajalifanya, kisha baada ya chakula cha mchana anakuwa mpole, anaomba radhi, anacheka. Wakasema ni njaa, atazoea. Nyumbani wifi alimwambia apumzike mfungo walau siku za joto kali. Akamwonyesha mguu.

"Unauona huu? Unataka nimalize nusu?"

Nani angebishana na mguu ule? Kilikuwa kimebaki kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi.

Yaliyotokea kiwandani nimeelezwa na Mkandaji mwenyewe. Nilimkalisha jikoni kwangu, hakuinuka mpaka amemaliza, na jitu lile lililia mbele yangu kama mtoto aliyepotea sokoni.

Ilikuwa asubuhi ya shughuli nyingi, oda ya shule imeingia. Hamira alikuwa ametoa trei kadhaa. Halafu akachukua trei iliyokwisha kuiva akairudisha ndani ya tanuri. Mkandaji akamwambia, "Mzee, hiyo tayari." Hamira akamtazama, akacheka. Akasema neno lisiloeleweka. Akajaribu kufungua mlango wa tanuri kwa mkono mtupu, bila kitambaa, chuma kikamla kiganja naye hakuutoa mkono mpaka walipomvuta. Hapo akapiga magoti, akalala ubavu kati ya meza na magunia, mwili umelowa chepechepe, meno yameumana.

Mmoja wa wale wanawake wa madonge alikuwa na kikombe chake cha chai. Aliinama na kikombe, anataka kumlowesha midomo. Chai ile ilikuwa na sukari, wanawake wa kiwandani wanakunywa tamu.

"We! Unataka kumuua?" Mkandaji akampokonya. "Huyu mtu wa sukari! Imempanda hii! Asipewe kitu kitamu!"

Na wote wakaona ni kweli. Mtu wa sukari akianguka, sukari imempanda, nani asiyejua? Tulikuwa tunajua mtaa mzima. Ile chai ikamwagwa chini, pembeni ya kichwa chake. Mkandaji hakuwa adui. Alikuwa anampenda Hamira kuliko ndugu zake wengi, na alimlinda na kile kikombe kama anavyomlinda mtu na kisu.

Wakampigia simu wifi. Naye akafanya alichofundishwa na yale yale tunayoyajua sote. Akaja mbio na vidonge, akasaga kimoja ndani ya maji, wakamfungua meno kwa kijiko, kikapita kidogo. Kile kidonge kilipokuwa kinapita, magunia ya sukari yalikuwa nyuma ya mgongo wa Hamira, ameyaegemea. Sisemi zaidi. Mwenye akili anaona, na wifi yangu anaona kila siku.

Pipa alimpakia kwenye gari la mikate, akamlaza juu ya magunia matupu. Mimi walinikuta njiani wakanichukua. Nilikiweka kichwa chake mapajani pangu. Alikuwa baridi na jua linachoma, na gari zima linanukia mkate.

Hospitali muuguzi alimtoboa, akatazama kipimo, akakitikisa, akatoboa tena kidole kingine. Kisha akapaza sauti wakaja wawili wengine.

"Sukari imeshuka, karibu haipo kabisa! Amekula saa ngapi?"

"Jana jioni," wifi akajibu.

"Na dawa?"

"Asubuhi, kama kawaida. Na… na nyingine sasa hivi, nimempa mimi."

 Muuguzi aligeuka kutafuta mshipa. Afadhali angemtukana.

Walimtia maji ya sukari. Mtu wa sukari, nikaona kwa macho yangu, anatiwa sukari mshipani ndiyo dawa yake. Kipimo kikapanda, mwili ukapata joto, jasho likakauka. Tukangoja aamke. Macho yalifunguka, lakini siku zilikuwa zimepita. Tukamwinamia, wifi akamwita kwa jina lile analomwita wakiwa wawili, mimi nikamwita Hamira. Alitutazama vizuri, kwa adabu, kama unavyowatazama abiria wenzako.

Daktari alitukalisha. Akasema ubongo unaishi kwa sukari, ukikosa muda mrefu sehemu zake zinazima, nyingine haziwaki tena. Akasema kufunga kwenyewe kunawafaa wengi, na huyu kulikuwa kunamfaa, ila anayemeza dawa ya sukari hafungi mpaka dawa ipunguzwe au ibadilishwe na wanaompa. Na mtu wa sukari akitetemeka, akatoka jasho, akaanza kusema ovyo, basi kama bado anaweza kumeza apewe kitu kitamu upesi. Ikiwa amezimia, asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

"Mlimuuliza kama anameza," nikamwambia. "Hamkumuuliza kama anakula."

 Akasema, "Kweli, mama. Naye hakutuambia."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Mficha maradhi kilio humfichua, na sisi kwetu tunaficha hata uponyaji.

Kabla ya kumruhusu, yule daktari wa vidonda alikuja. Akamfungua mguu. Akakiminya kidole, akaugeuza mguu huku na huku kwenye mwanga. "Kidonda kimepona kabisa," akasema. "Mguu huu hauna shida."  Wifi aliinama akamvalisha soksi.

Pipa alikuja mara moja, akakaa mlangoni, kofia mkononi. Alisema ameacha kufunga, hawezi tena. Nikamwambia asinifanyie upuuzi wa kuongeza mgonjwa mwingine. "Wewe humezi kitu, mwili wako umekubali, endelea. Ila usimfundishe tena mtu kabla hujamuuliza anameza nini." Majirani nao wanapita wanasema njaa ndiyo iliyomla. Nawakatalia. Wakibisha nawaonyesha mlango, na mlango wangu ni mpana.

Wifi sijamtajia kile kidonge, wala sitamtajia. Yeye anakwenda kuuza vitambaa asubuhi, mimi nabaki na mdogo wangu. Namlisha kwa saa alizopanga muuguzi, dawa yake siku hizi nyingine. Haombi chakula. Ukimsahau anaweza kushinda na kulala hivyo hivyo, hajui kama ana njaa. Namtia kijiko mdomoni, namwambia tafuna, anatafuna. Namwambia meza, anameza. Kiganja kimebaki na kovu la mlango wa tanuri, analitazama kama si lake.

Anachojua ni kutembea. Mguu umerudi na nguvu zake zote, tena zaidi, maana uzito umepungua. Ukiacha lango wazi, ametoka. Haendi kiwandani, haendi kwa mtu, anaifuata barabara tu kwa kuwa imenyooka. Mimi magoti yangu ni ya kukodi, lakini namfuata. Nikiita hageuki, hilo jina halimhusu tena.

Leo asubuhi tumefika mpaka penye duka la magodoro. Mwenye duka akatoka na furaha yake, hana hili wala lile.

"Shikamoo, mama. Mzee Hamira, naona mguu safi! Si walisema watakata?"

Mdogo wangu akamchekea, akampita. Nami nikampita. Nikamshika shati kwa nyuma, nikavuta mpaka akasimama, nikamgeuza kwa mabega uso uelekee nyumbani, akaanza tena kutembea.